Kutafuta kwa Maana Katika Maktaba za Kidijitali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakutubi, wasimamizi wa hazina za tasnifu na mafundi wa mifumo katika vyuo, taasisi za utafiti na nyaraka. Fundi atakuta mambo anayoyajua tayari, ayaruke. Mkutubi asiogope majina ya programu, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii ni yake.

"Kutafuta kwa maana" ni kutafuta kwa namna gani?

Ni utafutaji unaoangalia msomaji anataka nini, badala ya kulinganisha tu herufi alizoandika na herufi zilizomo kwenye maandishi.

Chukua mwanafunzi anayeandika "wanawake na kilimo cha mwani". Kilimo hicho kilianza kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wake wengi ni wanawake, na kimeandikiwa tasnifu na ripoti nyingi. Nyingi kati ya hizo ni za Kiingereza. Zile za Kiswahili nazo hazisemi kwa sauti moja: hii inataja "wakulima wa mwani", ile "zao la mwani", nyingine "kipato cha akina mama wa pwani". Mfumo wa kulinganisha herufi utamletea karatasi mbili tatu, au ukurasa mtupu, naye ataondoka akiamini hakuna aliyewahi kuliandikia jambo hilo. Mfumo unaotafuta kwa maana unajaribu kuzileta zote pamoja, kwa sababu zinazungumzia kitu kimoja.

Kwani utafutaji tulio nao una ubaya gani?

Hauna ubaya. Ulitengenezwa ukifikiria lugha nyingine.

Hazina nyingi za vyuo vya kwetu zinaendeshwa kwa DSpace, programu huria iliyotolewa mwaka 2002 na maktaba za MIT, chuo kikuu cha Marekani, kwa kushirikiana na kampuni ya kompyuta ya HP. Ndani ya DSpace kazi ya kutafuta hufanywa na programu iitwayo Solr, na Solr imejengwa juu ya nyingine iitwayo Lucene. Lucene hutengeneza faharasa: kila neno na orodha ya nyaraka lilimo. Kisha hupima uzito, ili neno adimu lihesabike zaidi kuliko neno linaloonekana kila mahali. Wazo hilo la uzito lilitolewa na Karen Spärck Jones mwaka 1972, na mpaka leo limo ndani ya BM25, kanuni ambayo Lucene huitumia kupanga majibu.

Shida inaanzia kwenye kile ambacho mashine inakihesabu kuwa neno. Kwa Lucene, neno ni herufi zilizoko kati ya nafasi mbili. Kwa Kiswahili, ndani ya nafasi hizo mbili anaweza kukaa mtenda, wakati, mtendwa na kitendo chenyewe. *Analima*, *walilima*, *hawajalima*, *aliyemlimia*, *linalolimwa*, *mkulima*, *wakulima*, *kilimo*: mtoto wa darasa la pili anaona wazi kwamba haya ni ya ukoo mmoja. Faharasa inaona maneno manane yasiyojuana. Ukitafuta "mkulima" hupati ukurasa unaosema "wakulima", hata kama ukurasa wote ni juu yao.

Lucene inakuja na vichanganuzi, yaani vijiprogramu vinavyoyaandaa maneno kabla hayajaingia kwenye faharasa, vya makumi ya lugha: Kiarabu, Kihindi, Kifini, Kituruki, hata Kibaski. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo nyaraka za Kiswahili hupitishwa kwenye kichanganuzi cha jumla, au, kibaya zaidi, kwenye cha Kiingereza, ambacho hukata miisho ya maneno wakati kwetu mambo mengi yanatokea mwanzoni. Kama kuna jambo moja la kwenda kuangalia kwenye seva yenu kabla ya kufikiria teknolojia mpya, ni hilo: sehemu ya maandishi ya Kiswahili inapitia kichanganuzi gani?

Si tukate viambishi tu, tuishie hapo?

Kukata bila kamusi kunaumiza. Ondoa *ki-* na *vi-* upate *tabu* kutoka *kitabu* na *vitabu*; umefanikiwa, ingawa sasa kitabu kimechanganyika na tabu za dunia. Endelea na kanuni hiyohiyo: *vita* inabaki *ta*. Ondoa *wa-*: *wali* unabaki *li*, na *watu* wanabaki *tu*. Ondoa *ma-*: *maji* yanabaki *ji*. Halafu yapo yasiyofuata mkasi wowote, kama *jicho* na *macho*, *jino* na *meno*. Ukitegemea kukata, daktari wa meno atakosa nusu ya anachotafuta.

Kinachofaa ni uchanganuzi wa kisarufi wenye kamusi ndani yake, unaojua kwamba *wali* ni chakula na *walimu* ni wingi wa *mwalimu*. Kazi ya aina hiyo si ngeni. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuunda kichanganuzi cha Kiswahili miaka ya 1980, na hicho ndicho kilichotumika kuweka alama za sarufi kwenye kongoo (mkusanyiko wa maandishi) ya Kiswahili ya Helsinki, yenye mamilioni ya maneno kutoka magazetini, vitabuni na bungeni.

Namna ya kukitumia ni kuhifadhi vitu viwili sambamba kwenye faharasa: neno kama lilivyoandikwa, na umbo lake la kamusi. Msomaji akiandika "wakulima", mfumo unatafuta kote kuwili na kuupa umbo halisi uzito zaidi kidogo. Mtu anayetafuta nukuu kamili hapotezi kitu, na mtu anayetafuta mada anapata familia nzima ya neno. Hatua hii peke yake, bila akili mnemba yoyote, huwa na faida ambayo wengi hawaitarajii. Kwa bahati mbaya haina mvuto kwenye maandiko ya kuombea fedha.

Vekta ni nini?

Ni orodha ya namba inayowakilisha maandishi. Modeli, yaani programu iliyofundishwa kwa maandishi mengi, husoma kipande cha maandishi na kutoa, tuseme, namba 768. Vipande vyenye maana za karibu hupata namba zinazokaribiana, hata kama havina neno hata moja la pamoja. Msomaji akiandika swali lake, nalo hugeuzwa namba, kisha mfumo unatafuta vipande vilivyo karibu nalo.

Modeli inajifunza maana kwa kuangalia majirani. *Daktari* na *tabibu* hukaa mitaa ileile ya sentensi, karibu na *mgonjwa*, *dawa*, *zahanati*. Mashine inahitimisha kwamba ni watu wa karibu bila kuambiwa na mtu.

Wazo si la jana. Gerard Salton na wenzake wa Cornell walikuwa wakiwakilisha nyaraka kwa vekta katika miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 1990 ilichapishwa mbinu ya kuchimbua maana iliyofichika kwenye jedwali la maneno na nyaraka. Mwaka 2013 Google ikatoa modeli ya word2vec, na 2018 ya BERT, ambayo ilileta tofauti kubwa: neno lilelile hupata namba tofauti kulingana na sentensi. Kwetu hilo lina uzito. *Kaa* wa mikoko, *kaa* la moto na *kaa* kitako haviwezi kugawana namba moja, na *kata* ya utawala si *kata* ya kuchotea maji.

Hizi modeli zinajua Kiswahili kweli?

Zinajua, lakini Kiswahili cha aina fulani.

BERT ya lugha nyingi ilifundishwa kwa Wikipedia za lugha 104, Kiswahili kikiwemo. XLM-R ya Facebook, ya 2019, ilifundishwa kwa maandishi ya mtandaoni ya lugha 100. Humo Kiswahili kilikuwa na takriban GB 1.6 wakati Kiingereza kilikuwa na zaidi ya GB 300. LaBSE ya Google, 2020, ilitengenezwa mahususi ili sentensi zenye maana moja katika lugha 109 zikae pamoja. AfriBERTa, ya 2021, ilifundishwa kwa lugha 11 za Afrika pekee na kuonyesha kwamba hata data kidogo, ikiwa ni ya lugha husika, inaweza kufanya kazi ya kueleweka.

Zote hizo zimelishwa habari, Wikipedia na maandishi mengine ya mtandaoni kwa wingi. Kiswahili cha taarifa ya habari zinakimudu. Zikikutana na ushairi wa Kiamu, barua ya mkoloni ya mwaka 1910, Kiswahili cha Lubumbashi au maneno ya vijiweni, zinaanza kubahatisha, na hazikuambii kwamba zinabahatisha. Zinaleta majibu kumi yenye mpangilio mzuri kama kawaida.

Kuna na jambo la kukatakata. Modeli hizi hugawanya neno refu katika vijipande vinavyotokana na msamiati wake, na msamiati huo umejaa Kiingereza. Neno kama *hawatakapokuwa* linaweza kugawanywa mahali pasipohusiana na sarufi kabisa. Modeli kubwa hujikwamua kwa wingi wa data. Ndogo hujikwaa.

Wasomaji wetu wanauliza kwa Kiswahili lakini tasnifu ni za Kiingereza. Hilo linatatulika?

Hapa ndipo utafutaji kwa maana unapolipa zaidi Afrika Mashariki, na kama ningeruhusiwa kutetea sababu moja tu ya kuugharimia, ningetetea hii. Vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya vinafundisha kwa Kiingereza, hivyo tasnifu karibu zote, ukiacha za idara za Kiswahili, ziko kwa Kiingereza. Afisa ugani, muuguzi, mwandishi wa habari wa redio ya mkoa na mkulima mwenye simu wanafikiri kwa Kiswahili. Kodi yao imelipia utafiti, na kisanduku cha kutafutia kinawarudishia sifuri.

Modeli kama LaBSE huweza kuweka swali la Kiswahili karibu na aya ya Kiingereza. Lakini mjaribu kwa istilahi za mashambani kabla ya kushangilia. Mkulima wa muhogo husema *batobato* na *michirizi ya kahawia*. Yote mawili ni magonjwa ya virusi yanayoenezwa na inzi weupe, na la pili lilielezwa kwa mara ya kwanza Tanganyika mwaka 1936. Machapisho yapo tele. Modeli ya jumla inaweza isiwe imekutana na *batobato* mara za kutosha kujua ni nini, ikaishia kuleta karatasi zozote za muhogo, au za mabati ya nyumba.

Dawa yake ni orodha ya visawe inayotunzwa na binadamu. Mkutubi wa kilimo anakaa na afisa ugani wawili watatu, wanaandika jina la Kiswahili, majina mengine ya mitaani, jina la Kiingereza na la kisayansi. Pa kuanzia papo: AGROVOC, thesaurasi (orodha ya istilahi zilizounganishwa kwa maana) ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ina lugha nyingi na Kiswahili kimo kwa kiasi. Maneno mia tatu yaliyochaguliwa vizuri kutoka kwenye maswali halisi ya wasomaji yatawasaidia kuliko elfu kumi yaliyotafsiriwa na mashine usiku mmoja.

Njia nyingine isiyo na ufundi wowote: kila tasnifu iwe na ikisiri ya Kiswahili. Aya moja tu. Baadhi ya vyuo vya nchi nyingine hudai ikisiri ya lugha mbili kama sharti la kupokea tasnifu, na sioni kwa nini sisi tusidai.

Basi tuachane na utafutaji wa maneno, tubaki na vekta?

Hapana! Msomaji anayetafuta namba ya ISBN, jina la kijiji, sheria ya mwaka fulani au jina la kisayansi la samaki anataka herufi hizo hizo. Vekta itamletea kijiji cha jirani kwa sababu "kinafanana".

Changanyeni. Endesheni utafutaji wa aina mbili kwa pamoja, kisha unganisheni orodha zake. Kanuni rahisi ya kuunganisha ilichapishwa mwaka 2009: kila waraka hupewa alama ya moja kugawanywa kwa jumla ya 60 na nafasi yake kwenye orodha, na alama za orodha zote mbili hujumlishwa. Tuseme waraka A ni wa 1 kwa maneno na wa 40 kwa maana. Anapata 1/61 + 1/100, yaani kama 0.026. Waraka B ni wa 5 kote kuwili: 1/65 + 1/65, kama 0.031. B anatangulia, kwa kuwa njia zote mbili zimemkubali. Hakuna modeli ya kufundisha hapo, na fundi mmoja anaweza kuiandika kabla ya chai ya saa nne.

Ongezeni ubaguzi mmoja: swali likiwa ndani ya alama za nukuu au likiwa na tarakimu nyingi, lipeni utafutaji wa maneno kipaumbele.

Katalogi yetu ina makosa mengi. Modeli haitayarekebisha?

Haitayarekebisha. Itayaficha.

Angalia majina ya waandishi. Mwandishi mmoja anaweza kuwa ameingizwa kama Mohamed, Mohammed, Muhammad na Muhamadi. Mwingine jina la baba limegeuzwa kuwa jina la ukoo kwa sababu fomu ilidai sehemu mbili. Shaaban Robert anaonekana chini ya R na chini ya S. Mambo hayo yanarekebishwa kwa faili la majina yaliyothibitishwa, kazi ya kawaida ya ukutubi, na ikifanyika vizuri inaboresha utafutaji wa kila aina.

Kisha kuna nyaraka zilizoskaniwa. PDF nyingi za zamani ni picha tupu. Hazina maandishi ndani, na kwa hiyo hazina maana yoyote ambayo mashine inaweza kuichimbua. Zipitisheni kwenye programu ya kusoma picha. Tesseract, ambayo ni huria, ina faili la Kiswahili. Hakikisheni limewashwa. Programu ikidhani ni Kiingereza husoma herufi *m* ya chapa iliyofifia kama *r* na *n*, nanyi mnapata "rnwalirnu" badala ya mwalimu. Katika lugha ambayo *m-* inafungua maneno kwa maelfu, kosa hilo si dogo. Njia ya haraka ya kukagua: tafuteni "rnw" na "rnt" kwenye faharasa yenu, mhesabu.

Tasnifu moja ina kurasa 200. Inageuzwaje kuwa vekta?

Haigeuzwi nzima. Modeli za ukoo wa BERT husoma vijipande 512 vya maneno kwa wakati mmoja, na kwa Kiswahili, kwa vile maneno hukatwakatwa sana, hiyo ni chini ya ukurasa mmoja. Ukiipa tasnifu nzima, itasoma shukrani na tabaruku kisha itaacha mengine.

Gawanyeni kwa aya au kwa vijisehemu vyenye vichwa vyake, si kwa kukata kila baada ya herufi elfu moja katikati ya sentensi. Kila kipande kibaki na jina la tasnifu, sura na namba ya ukurasa, ili jibu limpeleke msomaji mahali penyewe. Rukeni marejeleo na yaliyomo. Kurasa hizo zina maneno ya kila mada na hujitokeza kila mahali.

Hiyo si itahitaji mashine ya mamilioni?

Piga hesabu. Vekta ya namba 768, kila namba ikichukua baiti 4, ni baiti 3,072. Tasnifu 2,000 zikitoa vipande 300 kila moja ni vipande 600,000, sawa na kama GB 1.8. Hiyo inaenea kwenye seva ya kawaida na nafasi inabaki. PostgreSQL, ambayo DSpace huitumia tayari, ina kiongezeo kiitwacho pgvector. Solr nayo inahifadhi vekta tangu toleo la 9 la mwaka 2022.

Kazi nzito ni kugeuza nyaraka mara ya kwanza. Bila kadi ya michoro inaweza kuchukua siku kadhaa. Iacheni iendelee usiku, na iandikwe iweze kuendelea ilipoishia umeme ukikatika. Modeli zenyewe hupakuliwa mara moja, na baada ya hapo hazihitaji intaneti. Kuwa mwangalifu na huduma za kulipia za nje zinazotoza kwa kila swali: mwaka wa kwanza mfadhili analipa, wa tatu kisanduku cha kutafutia kinakufa.

Tuna miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nayo itaingia humu?

Si moja kwa moja. Miswada hii, ya aina zinazohifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na chuo cha SOAS, London, ina ugumu wa tabaka tatu.

La kwanza ni mwandiko. Kiarabu kina alama za irabu tatu, Kiswahili kina irabu tano. *E* na *i* hugawana alama, *o* na *u* vilevile. Waandishi wengi walitumia herufi ya *b* kwa *p* na hata *mb*, na herufi ya *f* kwa *v*. Neno moja lililoandikwa linaweza kusomwa kwa njia kadhaa, na msomaji mjuzi huchagua kwa mizani na vina. Modeli haina mafunzo hayo.

La pili ni lahaja. Mwenye Kimvita au Kiamu anaandika *mato* pale ambapo Kiswahili sanifu kina *macho*, na *nti* palipo na *nchi*. Usanifishaji ulianza kupewa nguvu mwaka 1930 kwa kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki. Utendi wa Tambuka una tarehe ya 1728. Kumdai mtunzi wake afuate kamusi ya leo ni kumwonea.

La tatu ni umbo. Utendi husomwa kwa ubeti, vipande vinne vya mizani minane. Kipande cha faharasa basi kiwe ubeti pamoja na beti zinazouzunguka, maana ubeti mmoja peke yake mara nyingi hauna mada: "akamwambia haya, naye akajibu vile".

Ninachopendekeza ni safu tatu zinazofungamana: picha ya mswada, unukuzi wa herufi za Kirumi unaoheshimu lahaja, na muhtasari mfupi wa Kiswahili sanifu kwa kila beti kumi au ishirini. Utafutaji kwa maana uendeshwe kwenye muhtasari, utafutaji wa maneno kwenye unukuzi. Nani aandike muhtasari? Wazee wanaozisoma tungo hizi bado wapo Lamu, Mombasa na Unguja, na walipwe kama wataalamu wanavyolipwa.

Vichwa vya mada na namba za Dewey sasa ni vya makumbusho?

La. Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, ilitoka 1876, na bado 496.392 inamwambia mkutubi wa Tokyo na wa Tabora kwamba hiki ni kitabu cha lugha ya Kiswahili. Huo nao ni uchanganuzi wa maana, uliofanywa na binadamu aliyekishika kitabu. Tumieni vichwa vya mada kama vichujio pembeni mwa majibu: vekta inaleta, kichwa cha mada kinapunguza.

Tutajuaje kwamba mambo yamekuwa bora?

Si kwa kukusanyika mbele ya skrini na mkurugenzi, kujaribu maswali matatu na kupiga makofi.

Utaratibu unaofahamika ulianzia Cranfield, Uingereza, ambako Cyril Cleverdon na wenzake walifanya majaribio yao mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960: mkusanyiko wa nyaraka, orodha ya maswali, na hukumu za watu kuhusu kipi kinafaa. Fanyeni hivyo kwa kiwango chenu. Toeni maswali hamsini kutoka kwenye kumbukumbu za seva, yakiwemo yale yaliyorudisha sifuri. Kwa kila swali, kusanyeni majibu kumi ya juu ya mfumo wa zamani na kumi ya mfumo mpya, yachanganyeni bila kuonyesha yametoka wapi, na wasomaji wawili wayape alama: linafaa, linafaa kidogo, halifai. Hapo mtaona ni mfumo upi unaleta yafaayo mengi zaidi na kuyaweka juu.

Zipo seti za majaribio za kimataifa zenye Kiswahili: Mr. TyDi, MIRACL, na CIRAL yenye Kihausa, Kisomali, Kiswahili na Kiyoruba. Zinasaidia kuchagua modeli. Hazitoshi kuamua, kwa sababu maandishi yake ni ya Wikipedia na magazeti, na CIRAL inauliza kwa Kiingereza ili ipate maandishi ya Kiafrika, kinyume kabisa cha msomaji wetu.

Someni pia yaliyoharibika. Wastani unaweza kupanda huku maswali yote ya historia yakiwa yameshuka.

Kwa nini tusiweke tu roboti wa kujibu maswali?

Roboti huyo akiwa mwaminifu, anachofanya ni kutafuta kwanza, kisha kusimulia alichopata. Utafutaji ukileta mabati badala ya batobato, atasimulia mabati kwa Kiswahili fasaha. Malizeni utafutaji. Mkimweka baadaye, kila sentensi yake iwe na namba ya ukurasa inayobonyezeka, na asipopata aseme hakupata.

Kumbukumbu za maswali ya wasomaji tunaruhusiwa kuzitumia?

Ndiyo, kwa adabu na kwa sheria. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ina ya taarifa binafsi ya 2022. Mtu anayetafuta "dalili za VVU" au "talaka mahakama ya kadhi" saa nane usiku ameiambia maktaba jambo ambalo huenda hajamwambia ndugu yake. Tenganisheni swali na jina la akaunti na anwani ya kompyuta siku hiyohiyo linapoingia, bakizeni maneno na mwezi tu, na yale yenye jina la mtu ndani yake yafutwe kabla orodha haijafika kwa wanaoipa alama.